Spika ya Ndani

Wanunuzi wa vyombo vikuukuu huanza kwa kudharau. Hiyo ndiyo salamu yao ya pili baada ya ile ya dini. Yule wa Makadara aliingia sebuleni kwangu asubuhi, akaniuliza hali, akauliza hali ya waliokuwapo na wasiokuwapo, akanywa kahawa yangu, akala kaimati zangu, kisha akaitupia jicho amplifaya yangu pale juu ya kabati.

"Ndiyo yenyewe hii, ami?"

"Kwani waona nyingine?"

Binti yangu, aliyekuwa akifunga vyombo vya mamake ndani ya maboksi, akanitazama kwa jicho la kuniambia taratibu. Mimi hasira zangu zi karibu, siku zote zimekuwa karibu, na tangu mke wangu afariki zimesogea zaidi.

Nyumba ile ya Mji wa Kale hatukuwa wenyewe, tulikuwa wapangaji. Nimeoa humo, mamangu amefia humo, na mke wangu ametolewa kwa mlango uleule alioingilia bibi harusi. Mwenye nyumba naye akafariki, warithi wake wakauza, na aliyenunua ataka kufanya nyumba ya wageni, watalii walale kwenye vyumba vyetu wapige picha dari. Sawa, mali ni yake. Binti yangu akasema nitakwenda kukaa naye Mbaraki, kwenye fleti yake, na mumewe akasema karibu, na wala sikumsikia akisita.

"Lakini chumba chako ni kidogo, baba," binti yangu aliniambia. "Vyote haviingii. Hiyo redio yako tumwite mtu aipime. Ikiwa bado nzima tutaibeba, hata kama nitailaza juu ya friji. Ikiwa mbovu, baba, tuiwate. Aichukue huyohuyo."

Nikasema haya. Ni maneno ya haki, na aliyasema kwa upole. Kisha nikajuta palepale, kwa sababu tangu mazishi sikuwa nimeiwasha, na sikujua kama i hai. Katika nyumba nzima sikuwa na haja na kitu kingine. Kitanda wachukue, kabati la kioo wachukue, saa ya ukutani wachukue na majira yake. Hii niachieni. Hii ndiyo niliyokuwa nikisemeshana kwayo na mke wangu kutoka chumba hiki hadi chumba kile, maisha yetu yote.

Niliinunua kwa baharia, nikiwa karani wa bohari bandarini na watoto bado hawajazaliwa. Mashine ya Kijapani, uso wa fedha, vidude vya kuzungusha vya chuma kitupu, vikishikwa asubuhi vi baridi. Ilikuja na deki ya kanda na spika mbili. Hamali aliyeileta kwa mkokoteni alinitukania mzigo wangu tangu getini hadi mlangoni.

Sasa, spika mbili. Wakati ule mamangu yu hai, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya adabu. Wanaume hukaa sebuleni, wanawake hukaa ndani, na kati yao pazia. Jioni wenzangu wa kazini walikuja kusikiliza taarabu, na mke wangu bado mwari mwari, hawezi kuja kukaa mbele za watu. Nikafikiri. Spika mbili, pande mbili. Moja kwetu, moja kwao! Nikamwita fundi wa umeme akatoboa ukuta, akapitisha waya juu ya mlango, juu ya ukumbi, hadi ndani kabisa karibu na jiko, akaitundika spika juu ya mkeka ambapo mke wangu hukaa akichambua mchele. Nilijiona kadhi. Hata mamangu, asiyesifu mtu, alisema mwanangu amegawa sawa.

Nilidhani spika mbili ni kama mapipa mawili ya maji. Ukichota huku, ukichota kule, maji ni yaleyale.

Tulikuwa na kanda moja tuliyoipenda kuliko zote, ya harusi yetu wenyewe. Kikundi cha mtaani kilipiga hadi watu wakachoka kutunza pesa, na jamaa mmoja mwenye mashine ya kurekodia akaweka maikrofoni mbili, moja kwa mpiga udi, moja kwa mpiga fidla, upande huu wa jukwaa na upande ule. Hiyo kanda ni moja tu duniani. Na ndani yake mna wimbo mmoja ambao mimi na mke wangu tuliugombania mpaka mwisho.

Mwimbaji anaimba ubeti. Akimaliza, udi unashuka, kisha pana kimya. Dumbaki linagonga polepole tu, kama mtu abishaye hodi kwa adabu, halafu ubeti mwingine. Hivyo ndivyo ulivyo. Nimeusikia mara zisizo idadi. Lakini mke wangu kila akiuimba peke yake, akisonga, akifagia, akimwogesha mtoto, akifika pale penye kimya hutia kitu chake. Sauti nyembamba inapanda, inapinda, inarudi chini kama yataka kulia ikajizuia.

"Huo mpindo wautoa wapi?" nami humwambia.

"Kwenye wimbo."

"Haumo!"

"Umo."

"Hapo pana kimya, mama. Hapo wimbo wapumzika."

"Hapo ndipo wimbo waliapo. Weye masikio yako ni ya kuwekea kalamu tu."

Kwa kuwa nilikuwa karani na kalamu ilikaa sikioni mchana kutwa, wenzangu walipolisikia hilo walicheka hadi wakamwaga kahawa. Yeye alilisema kwa sauti kusudi, kutoka nyuma ya pazia. Kisha huniita kwake, "Siku moja ndoo ukae huku, usikie." Nami hujibu, "Mwanamume akae jikoni? Nikistaafu, in sha Allah." Ukawa mchezo wetu. Ndoo ukae huku. Nikistaafu. Hata watoto walijua kuuigiza.

Mtasema, katika miaka yote ile, hukupita ndani hata mara moja wimbo ukiwa unalia? Nilipita. Nilipita kwenda msalani, nikakuta vyungu vinachemka, mamangu anazungumza, watoto wanagombana, na masikioni mwangu bado mna udi niliokuwa nikiusikia sebuleni. Mtu husikia alichokuja nacho. Na wageni wakiondoka, naizima.

Basi nikastaafu, na ugonjwa wa mke wangu ukaniwahi. Akawa amelala kitanda kilichowekwa palepale ndani, chini ya spika yake. Nyimbo hakuzitaka tena, alitaka Kur'ani, nami nikawa namwekea. Sebuleni watu wakija kumjulia hali, wanazungumza, si vyema wazungumze juu ya Kur'ani. Nikazungusha kile kidude kinachogawa sauti baina ya spika mbili, nikakisukuma mpaka mwisho kwake, sebule ikanyamaa, yeye akasikia peke yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisikia siku aliyotuaga. Niliizima, sikuiwasha tena.

Mtu wa Makadara alikunja mikono ya kanzu. Kwanza aliiinua pembe moja, akaguna. "Nzito. Uzito ni transfoma. Hizi za siku hizi ni boksi tupu na taa za harusi." Akamulika nyuma kwa tochi ya simu, akatazama skrubu moja moja. "Hazina mikwaruzo. Haijafunguliwa na mafundi." Akasogeza pua kwenye matundu ya juu akanusa kama mpishi. "Hainuki kuungua. Alhamdulillahi." Alikuwa amesahau kudharau, nami nikaanza kumpenda kidogo.

Akaichomeka kwenye umeme. Taa ndogo ikawaka, mashine ikakaa kimya, kisha ikatoa ile *tik* yake. Nikageuka kuelekea ndani. Zamani ilipotoa *tik* ile mke wangu husema kutoka ndani, "Haya, imeamka." Nilisubiri. Lo, nilisubiri kweli, mtu mzima kama mimi!

Kisha mtu yule akafanya jambo ambalo sijapata kuliona. Hakutia kanda, hakutia chochote, akazungusha sauti mpaka juu, akaweka sikio kwenye spika ya sebuleni akafumba macho.

"Wasikiliza nini?" nikamwuliza.

"Kimya, ami. Thamani ya mashine i kwenye kimya chake. Mbovu haiwezi kunyamaa, utaisikia yanguruma, yachemka kama samli. Nzima hunyamaa kabisa." Akafungua jicho moja. "Kimya kingi kina mshindo."

Akaridhika na kimya kile, akairudisha sauti chini. Akaunganisha simu yake kwa waya, akaweka wimbo. Kimya. Akazungusha kidogo. Kimya. Akagonga spika kwa kidole, akatikisa waya, akanitazama, na nikaona zile dharau zinarudi usoni mwake, lakini safari hii zimechanganyika na huruma, na huruma ndiyo iliyoniudhi.

"Pole, ami. Upande mmoja umekufa."

Binti yangu aliweka chini sahani aliyokuwa nayo.

"Nitakupa bei ya vipuri," akaendelea yule mtu. "Transfoma, vile vidude vya mbele, kuna wanaovitafuta. Lakini mashine ya upande mmoja si mashine."

Niliuma meno. Nilikuwa na maneno ya kusema na yote yalikuwa matusi, na hakustahili hata moja. Nilichokuwa nikiwaza ni kwamba basi, na hii nayo inakwenda. Nilihisi kama siku ile walipomwinua mke wangu.

Binti yangu akaingia ndani, nadhani hakutaka nimwone uso. Mara tukasikia akipiga kelele, "Baba! Baba, yasema huku!"

Yasema huku! Spika ya ndani ilikuwa ikiimba wimbo wa simu ya mtu wa watu, peke yake, juu ya kitanda kitupu. Hapo nikakumbuka. Kile kidude. Kilikuwa kingali kimesukumwa kwake mpaka mwisho, pale nilipokiacha. Nikainuka, nikakishika, na niseme kweli, mkono wangu ulikataa kwanza. Kisha nikakirudisha katikati. Kikakwaruza, kikakohoa, na spika ya sebuleni ikaamka.

"Subhanallah! Ami, karibu nikuzikie mzima!" Mtu yule alicheka. Kisha akatazama waya juu ya mlango, akaufuata kwa macho mpaka ulipopotea. "Lakini ile nyingine yafanya nini ndani?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa fahari, nisijue. Sebule na ndani, moja kwetu, moja kwao, na kadhi hangegawa vizuri zaidi. Akanisikiliza, akaanza kucheka, akashika mbavu. "Ami! Hii ni stirio! Kila upande una vyake! Mlikuwa mwasikiliza nusu nusu! Nyinyi nusu yenu, wao nusu ya—"

Aliiona sura yangu, akaacha. "Nisamehe, mzee wangu."

"Nusu ipi?" nikamwuliza.

Akajipangusa machozi ya kicheko. Akaingia ndani kwa ruhusa ya binti yangu, wakaitungua spika, wakaileta. Ilikuwa imekuwa nyeusi kwa moshi na mafuta ya miaka, na ukiisogelea inanukia iliki na vitunguu vya kukaanga. Binti yangu alitaka kuipangusa kwa kitambaa. Nikamwambia usithubutu.

Akaziweka zote mbili mbele yangu, huku moja, huku moja, nami katikati kama mshtakiwa. "Sasa nipe kitu ukijuacho wewe," akasema. "Simu hudanganya. Masikio yako ndiyo mizani."

Masikio yangu. Nikampa kanda ya harusi.

Deki ilisita, ikazunguka. Watu wakapiga vigelegele, watu ambao wengi wao wako makaburini. Udi ukaanza kulia kwangu, upande ule ule ninaoujua. Mwimbaji akaja katikati, yu hai kabisa, hata pumzi yake nikaisikia. Ubeti ukaisha. Udi ukashuka. Dumbaki likabisha hodi.

Na pale penye kimya, kutoka kwenye ile spika nyeusi, fidla ikapanda. Ikapanda, ikapinda, ikarudi chini kama yataka kulia ikajizuia.

Ilikuwa ni yeye. Namna ile ile, mpindo ule ule, hata kule kuchelewa kidogo mwishoni nilikokuwa nikimwambia kwamba hajui kuhesabu. Hakutia chochote chake. Aliimba alichokisikia, kila siku, akiwa na mchele mapajani, na mimi kwa sauti yangu kubwa namwambia haumo. Nikalia. Sikulia kiungwana, nililia kwa sauti mbele ya mfanyabiashara wa Makadara, na binti yangu akanishika kichwa akakiweka tumboni kwake kama mimi ndiye mwanawe. "Umo," nilikuwa nikisema. "Umo, mama. Umo." Naye hakujua nasema nini, akadhani naomba dua, akaitikia amina.

Ubeti wa pili ukapita. Tukafika pale tena, fidla ikaanza kupanda, na deki ikatoa mlio wa kutafuna.

Mtu wa Makadara aliruka kuizima, lakini ukanda ulikuwa umeshazungushwa kwenye magurudumu yake ndani. Aliutoa kwa ncha za vidole, taratibu mno, hakuna mama angemtoa mwanawe mwiba kwa upole ule. Ulikuja umekunjamana, ukikatika kila unaposhikwa, na kwenye vidole vyake pakabaki unga wa rangi ya kahawia. Alijaribu kuuzungusha kwa kalamu. Ukakatika tena pengine. Akatazama ule unga, akanitazama mimi.

"Umeoza, ami. Umekaa sana na hewa ya bahari. Ungewekwa leo au kesho, ungekatika tu." Akaukusanya ukanda kiganjani. "La kuvunda halina ubani."

Alikwenda nao dukani kwake akajaribu, nashuhudia. Alinipigia simu siku ya pili akaomba radhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Lakini siku ile kabla hajaondoka alinawa mikono, akakaa, akasema hukumu yake, kwa kuwa ndiyo aliyoitiwa. Akataja bei. Binti yangu akashika kiuno, maana ilikuwa bei ya friji mpya na jiko juu yake. "Ni nzima," akasema. "Pande zote mbili. Wallahi sijaona nyingine kama hii mji huu, imetunzwa. Nikiipata mimi siiuzi upesi."

"Haiuzwi," binti yangu akamjibu kabla yangu. Alitimiza ahadi yake.

Hivi sasa ipo Mbaraki, wala haikuwekwa juu ya friji. Binti yangu alinunua meza ndogo, mkwe wangu akazipanga spika vizuri, huku moja, huku moja, kama inavyotakiwa, na ile nyeusi haijapanguswa. Wajukuu huichomekea simu zao, huniwekea mawaidha, huniwekea hata taarabu mpya. Sauti ni safi ajabu. Wageni husema baba ana mashine ya maana, nami nasema ndiyo, nzima hiyo, pande zote mbili. Imepimwa.

Ule wimbo haumo popote. Tumetafuta, tumeulizia kwa waliobaki katika kile kikundi, na waliobaki hawakumbuki. Nusu yangu ninayo, nimeikariri, naweza kuiimba ubeti kwa ubeti, na udi wake kwa mdomo. Ile nusu nyingine niliisikia mara moja na robo. Nimejaribu kuiimba. Mpindo ule siupati, koo langu si koo lake, ninachokitoa ni kelele za mzee.

Kwa hivyo sijaribu tena. Baada ya alasiri wajukuu wakiwa chuoni kusoma Kur'ani, nasogeza kiti changu mpaka kwenye ile spika nyeusi, upande wake, nakaa huku. Naimba ubeti wangu. Udi naushusha. Nagonga dumbaki kwa vidole juu ya goti. Na nikifika pale pake nanyamaa, nampisha.